Kuzamia kwa mtungi kutoka ufukweni Zanzibar: tuko wanne, tunatoka Lubumbashi, tunaomba ushauri

Mtoto_wa_Kamalondo:
Jambo yenu bote. Tuko marafiki wanne hapa Lubumbashi, tumechanga pesa tangu mwaka jana ili tukajifunze kuzamia kwa mtungi wa hewa Zanzibar. Tunataka kuingia majini kwa miguu kutoka ufukweni, bila boti, kwa sababu mwenzetu mmoja hutapika kila akipanda chombo. Tulipita naye ziwani Kalemie, aliteseka sana. Mwingine haogelei vizuri.

Mpango wetu: basi kupitia Kasumbalesa, Kapiri Mposhi na Tunduma mpaka Dar, kisha feri mpaka Unguja. Tukae Paje au Jambiani. Tumechagua Julai, shule zikifungwa, maana mmoja wetu ni mwalimu. Siku ya mwisho tuzame asubuhi, mchana feri, usiku huohuo tupande basi la kurudi. Kuna kitu hatukioni?

Fundi_Bahari:
Karibuni sana Unguja, ndugu zangu. Ila upande wa mashariki hamtaweza kuzamia kwa miguu kama mnavyofikiri. Paje na Jambiani maji yakitoka yanatoka kweli: utawaona akina mama wanatembea kwenye mashamba yao ya mwani, mahali ambapo asubuhi palikuwa bahari. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa hufika mita nne hivi. Yakijaa tena, upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe mnapata mchanga na majani tu, kina kifupi. Matumbawe yenyewe yako nje, yanakopigwa na mawimbi. Kubeba mtungi na vizito mpaka huko, mnakanyaga viumbe wenye miiba na kuvunja matumbawe, siwashauri kabisa.

Na Julai ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Upepo unapiga upande huohuo. Nendeni kaskazini, Kendwa au Nungwi, ambako maji hayakimbii mbali na kusi halipigi sana. Mafunzo ya mwanzo mtayafanyia ufukweni hapohapo, kwenye maji mafupi. Kwa matumbawe mazuri mtahitaji boti. Kama mwalimu anaweza kusubiri hadi Desemba, mtakuta kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, na maji maangavu zaidi. Tarehe zozote mtakazochagua, tazameni mwezi: mpange wiki ya maji mafu, yaani siku ambazo kupwa na kujaa havitofautiani sana.

Yaya_Ruashi:
Mdogo wangu, mimi nimehangaika na ile siku yenu ya mwisho. Ibadilisheni, tafadhali.

Ukiwa chini, naitrojeni ya hewa unayovuta inaingia mwilini kwa wingi kwa sababu ya mgandamizo. Kila mita kumi mgandamizo unaongezeka kwa kiasi kilekile cha hewa ya juu ya bahari. Ukipanda haraka, ile gesi inafanya mapovu kwenye damu na viungo. Wengi wanajua kwamba hawapaswi kupanda ndege punde baada ya kuzama, maana huko juu mgandamizo unapungua: ukizama mara moja subiri angalau saa 12, ukizama siku kadhaa mfululizo angalau saa 18. Wanachosahau ni barabara. Basi lenu linatoka usawa wa bahari, linapanda mlima wa Kitonga usiku, na Mbeya ni mita 1,700 hivi. Hata nyumbani Lubumbashi tuko kama mita 1,200. Mwili haujali kama umepandishwa na ndege au basi.

Kwa hiyo mkizama mara ya mwisho, siku nzima inayofuata iwe ya kutembea Mji Mkongwe, feri kesho yake. Na kabla ya kulipa, muulizeni mwalimu wa kuzamia chumba cha kutibu mapovu kilicho karibu kiko wapi. Asiyejua jibu, msimpe pesa.

Mama_Katuba:
Mimi ni muuguzi. Kadi ya manjano ya homa ya manjano kila mtu aibebe, kwa sisi tunaotoka Kongo wataiuliza. Mwenye pumu, tatizo la moyo au aliyewahi kupasuka ngoma ya sikio amwone daktari hapa kwanza. Mwenye mafua asizame, masikio hayatafunguka. Majini, ukishuka, ziba pua upulize polepole tangu mita ya kwanza, usingoje maumivu. Na usizuie pumzi kamwe ukipanda.

Yule asiyeogelea vizuri aanze pisini sasa. Kwa cheti cha kwanza, kile cha mita 18, ataombwa kuogelea mita 200 na kuelea dakika kumi.

Kijana_wa_Moba:
Mkitaka kweli kuingia kwa miguu, Ziwa Tanganyika halina kupwa na kujaa, na mawe yenye samaki wa rangi yanaanzia pwani. Lakini mamba wapo, na ziwa liko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, hesabu za kuzama zinabadilika. Msiende bila mwenyeji mzamiaji.

Mtoto_wa_Kamalondo:
Aksanti sana, yaya, na mama. Tumekaa jana usiku, tumekubaliana: Desemba, Kendwa, na siku mbili kavu mwishoni. Boti fupi mwenzetu amekubali kujaribu. Anaweza kunywa kidonge cha kichefuchefu kabla ya kuzama?

Mama_Katuba:
Vingi vinaleta usingizi. Amuulize daktari, kisha akijaribu kwanza nyumbani siku asiyofanya kazi. Kikimlegeza, asizame nacho. Botini akae nyuma katikati, macho yaangalie mbali, na awe wa kwanza kuingia majini.

Fundi_Bahari:
Mwambieni nahodha mapema, atawapeleka mwamba wa karibu. Feri pia chagueni ya asubuhi, upepo mara nyingi unaongezeka mchana.