Laini ya megabiti 20, kaya nne: ninunue ruta yenye ofulodi ya chipu?

Papa Rehema, Katuba
Ndugu zangu wa Lubumbashi, hamjambo. Kwenye lupango letu kaya nne tunatumia laini moja: megabiti 20 kushuka, 5 kupanda. Ruta inaendeshwa na OpenWrt (programu huria ya ruta), chipu yake ni MT7621. Mchana haina shida. Jioni kijana wa jirani akianza kupakia video zake, Rehema anayesoma kwa njia ya video sauti inamkatikia, hata WhatsApp inazunguka tu. Muuzaji mmoja ananiambia dawa ni ruta mpya yenye ofulodi ya chipu, yaani chipu inapitisha data yenyewe badala ya prosesa. Bei yake inakaribia minervali ya mtoto! Nisaidieni kabla sijatoa pesa.

Fundi wa Kamalondo
Papa Rehema, usinunue. MT7621 yako tayari inayo. OpenWrt inaiunga mkono tangu toleo 18.06 la mwaka 2018. Na wewe usiiwashe.

Pakiti (vipande vya data) za mwanzo za kila muunganisho hupita kwa prosesa, ikaangalia fayawoli na NAT (kubadili anwani za vifaa vya ndani kuwa ile moja ya laini). Zinazofuata chipu inazipitisha yenyewe. Hiyo inaokoa prosesa iliyoelemewa, kama kwenye fibra ya megabiti mia kadhaa. Megabiti 20 haziielemei yako. Jioni mambo yakiharibika ingia kwenye ruta kwa SSH (njia ya kuiandikia amri kutoka kompyuta), andika top, soma namba ya sirq (sehemu ya prosesa inayoshughulika hasa na pakiti). Ikiwa ndogo, prosesa haina kosa.

Tatizo lako ni foleni. Kijana anajaza zile 5 za kupanda, pakiti zinarundikana kwenye modemu, sauti ya Rehema inangoja nyuma ya video. Weka SQM (programu ya kusimamia foleni), chagua cake (mbinu yake ya kupanga pakiti), kikomo kiwe chini kidogo ya kasi halisi: kilobiti 18000 kushuka, 4500 kupanda. Foleni itahamia kwenye ruta, na hapo cake inaigawa kwa haki. Pakiti inayopitishwa na chipu haifiki kwa cake kabisa, kwa hiyo chagua moja: ofulodi au SQM.

Yaya wa Bel-Air
Ongeza kwenye chaguo za ndani za SQM, ili cake igawe kwa kila kifaa: nat dual-srchost upande wa kupanda, nat dual-dsthost upande wa kushuka. Bila neno nat, cake inaona lupango lote kama kifaa kimoja.

Papa Rehema, Katuba
Aksanti sana. Kijana akiwa anapakia, sirq ilikuwa asilimia 4 tu. Ping (muda wa pakiti kwenda na kurudi) ilikuwa inapita milisekunde 800, sasa nimeweka SQM haivuki 60, na Rehema amemaliza somo lote. Jirani anataka kuongeza televisheni, nipandishe kikomo?

Fundi wa Kamalondo
Hapana, Papa. Kikomo kinafuata laini, si idadi ya vifaa.