Naomba ushauri: jiko la kauri la mkaa, dogo au kubwa?

Habari zenu wadau. Nataka kununua jiko la kauri la kuchomea nyama, lile lenye umbo la yai, nimekwama kwenye saizi. Nalinganisha Big Green Egg MiniMax, chanja yake kipenyo cha sentimita 33, na Large yenye sentimita 46. Kwa eneo, ile kubwa ni karibu mara mbili.

Kwa kawaida tunakula wawili, wageni mara mojamoja. Kwa hiyo dogo lingetosha, tena linabebeka. Kubwa linazidi kilo 70, likishatua limetua. Niliazima dogo la rafiki: kuku mzima aliingia vizuri, ila nikiweka kigae cha kukinga moto, nafasi ya mkaa chini inabaki finyu. Mimi napenda nyama ya moto wa taratibu, nyuzi 110 hivi, saa nane au zaidi.

Mliotumia dogo, linafika saa hizo bila kufungua na kuongeza mkaa? Na kubwa, ukipikia watu wawili tu, ukiziba matundu ya hewa mkaa unaobaki unatumika tena vizuri, au kauri yote ile inakula mkaa mwingi kupata moto?