Mchezo wa kujibizana kwa majina ya nyimbo: mjomba na "Shauri Yako" tumfanyeje?

Kobe wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Huku kwetu umeme ukikatika tunajibizana kwa majina ya nyimbo. Unachosema lazima kiwe jina la wimbo, na kimjibu aliyekutangulia. Mmoja anaanza na ya Professor Jay: "Nikusaidiaje?" Mwenzake anampa ya Harmonize: "Matatizo." Anarudishiwa: "Niambie," Harmonize tena. Anayekwama anaosha vikombe vya chai.

Sasa mjomba wangu. Huyu ni wa dansi, Bongo Fleva haijui wala haitaki, lakini vikombe hajawahi kugusa. Ana karata moja tu, "Shauri Yako" ya Super Mazembe. Umwulize "Utanipenda?" ya Diamond, shauri yako. Umletee "Sina Makosa" ya Les Wanyika ukidhani umemfuata kwao, shauri yako. Na inaingia kila mahali! Vijana wameanza kususa. Tukiipiga marufuku atasema tunamwonea mzee. Nyie mnachezaje?

BintiBandari
Msiikataze kaka, iueni. Kwetu Mombasa wimbo ukishatajwa umekufa mpaka kesho. Halafu ukitaja lazima uimbe kiitikio. Hapo hata majina pacha hayasumbui: ukisema "Malaika" tunajua ni ule wa Fadhili William au wa Nyashinski.

Kobe wa Tabata
Kuimba hapana dada. Huyu ataimba beti zote, na gitaa atalipiga kwa mdomo, tukeshe. Hiyo ya kuua wimbo nimeichukua.

Mzee wa Supu
Sisi kijiweni tunabadilisha neno moja liwe chakula. "Sina Makande." Ile ya Sauti Sol, "Sura Yako", imekuwa "Supu Yako", na ndiyo iliyonipa jina hili. Ya mjomba wako iwe "Shayiri Yako" basi. Zuchu tumemzuia, "Sukari" iliingia jikoni zamani.

Kobe wa Tabata
😂😂 Makande nimeyakubali.

Mrejesho: jana mjomba kaitoa "Shauri Yako" mapema kabisa, ikafa. Tukamvizia. Zamu ilipomrudia, kijana wa jirani akamtupia "Nikusaidiaje?" Mzee akakuna kidevu, akasema: "Kasongo." Super Mazembe walewale! Tukamuuliza hilo nalo jibu? Akasema ndiyo, mke anaomba asaidiwe kumrudisha mumewe, mkasikilize wimbo wenyewe. Nusu wamekubali, nusu wanasema jina la mtu peke yake halijibu kitu. Mnasemaje?

BintiBandari
Linajibu, ameleta na sababu. Mpeni. Ila mkitaka kumweza fungeni bendi, si wimbo: msanii mmoja, mara moja kwa usiku. Na wewe hapo utaipoteza ile Harmonize yako ya pili.

Mzee wa Supu
Kasongo mkimleta kijiweni kwetu anakuwa Kisamvu.