Dishi moja kwenye meli ya uchorongaji: tuhamie Starlink kabisa?

Mzamu_wa_Redio:
Wakuu, salaam. Ninasimamia mawasiliano kwenye meli ya uchorongaji iliyo kwenye kina kirefu, mbali na mnara wowote wa simu. Tunalo dishi moja linalotazama setilaiti ya juu, na kila meli inapogeuzwa kufuata upepo na mkondo, mnara wa kuchorongea huziba njia, kukakatika kila kitu kwa pamoja: simu za wafanyakazi kwa familia zao, takwimu za kisima zinazokwenda kwa wahandisi walioko nchi kavu, hata orodha ya abiria wa helikopta. Mkandarasi anashauri tuling'oe dishi hilo na kuhamia moja kwa moja Starlink, yaani intaneti ya setilaiti za chini. Je, ni ushauri wa kufuatwa?

Kusi:
Kwa kasi, mkandarasi wako ana hoja. Setilaiti ya juu iko takriban kilomita 35,786 kutoka usawa wa ikweta, hivyo anayeuliza jambo kwa simu husubiri kama nusu sekunde kabla ya kusikia jibu, ilhali zile za chini huzunguka kwenye kilomita 550 hivi na ucheleweshaji wake hausikiki. Lakini wewe umeuliza habari ya uhakika. Tarehe 19 Oktoba 2024 setilaiti ya juu ya Intelsat 33e, iliyokuwa nyuzi 60 mashariki, yaani juu ya Bahari ya Hindi yetu hii, ilivunjika vipande vipande na wateja wake wakabaki gizani. Tarehe 24 Julai 2025 ikawa zamu ya Starlink kuzimika duniani kwa takriban saa mbili na nusu kutokana na hitilafu ya programu. Baki na njia zote mbili, dishi lako na Starlink. Kuhusu mnara, funga dishi la pili upande wa pili wa meli, pamoja na kifaa kinachohamisha mawimbi chenyewe pale dishi moja linapozibwa.

Fundi Mzee:
Naungana na Ndugu Kusi, ila njia mbili zinazolala kwenye kabati moja na kula umeme wa betri moja ni njia moja tu. Shika tochi, ufuate nyaya kuanzia dishi hadi swichi, uone zinakutana wapi. Nchi kavu nako kuna mtego: Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya Tanzania ilidorora vibaya, kwa hiyo muulize mtoa huduma mawimbi yenu yanateremkia kituo gani na kutoka hapo yanapita wapi. Mwisho, weka simu ya setilaiti ya Iridium yenye antena ya nje na betri yake. Haiwezi kubeba video, lakini masafa yake hayasumbuliwi sana na mvua ya masika, tofauti na masafa ya juu zaidi yanayotumiwa na madishi, yaitwayo Ku na hasa Ka.

Bi. Shamim:
Nami naongeza la wafanyakazi, kwa sababu wao ndio hukatiwa kwanza. Zamu inapobadilishwa saa kumi na mbili jioni kila mtu anataka kuwaona watoto wake, na hapo ndipo takwimu za kisima hukwama kwenye foleni. Watengee wafanyakazi mtandao wao, na takwimu zipewe mtandao wake wenye kipaumbele. Umuhimu wa takwimu hizo ulionekana kwenye ajali ya mtambo wa kuchoronga mafuta wa Deepwater Horizon, Ghuba ya Meksiko, tarehe 20 Aprili 2010: mtambo uliungua na kuzama, lakini vipimo vilivyokuwa vikitumwa nchi kavu hadi saa 3:49 usiku vilisalia, wachunguzi wakavitumia. Na tangu tarehe 23 Desemba 2024, marekebisho ya Mkataba wa Kazi za Baharini yanataka mabaharia wapatiwe mawasiliano ya kijamii melini kadiri inavyowezekana, kwa gharama ya wastani kama wakitozwa.

Mzamu_wa_Redio:
Nawashukuru sana. Nafasi pekee iliyo wazi kwa dishi la pili ni nyuma, karibu na matundu ya kutolea gesi.

Fundi Mzee:
Hapo usifunge kitu kabla afisa wa usalama hajakuonyesha ramani ya maeneo ya hatari ya mlipuko. Dishi la kawaida lina mota na umeme ndani yake, na halikutengenezwa kwa ajili ya eneo la gesi.