Naomba ushauri: nyota za kituo zinapanda, watoto je?

Habari zenu wakuu. Nina kituo kidogo cha kulelea watoto mchana hapa Masasi, walezi watatu. Msimu wa korosho ndiyo tunafurika, akina mama wanawahi mashambani alfajiri.

Nilisoma kwamba Marekani vituo hupewa nyota kwa ubora. Jimbo la Oklahoma lilianza mwaka 1998. Nikaiga. Nikachora karatasi yangu: usafi, uji, michezo, mlezi anavyoongea na mtoto. Nakagua kila mwisho wa mwezi.

Miezi sita tumetoka nyota mbili hadi nne. Nilifurahi weee! Juzi nikapita siku isiyo ya ukaguzi. Vidoli vyote vimefungiwa kabatini, ndoo ya kunawia haina tone, na katoto kamoja kamekaa mlangoni kameshika kikombe kitupu, hakuna anayekasemesha. Mlezi ananijibu, "Dada, vile tunavitoa siku ya nyota, visije vikavunjika."

Sasa nyota zangu zinapima nini? Na hata watoto wakichangamka, nitajuaje ni kazi yetu na si umri tu? Miezi sita kwa mtoto wa miaka mitatu ni mingi.

Nafikiria kukagua kwa kushtukiza, ila walezi wataniona askari, na kwa mshahara ninaowalipa (aibu kuutaja) nitawapoteza. Au nimwombe mwenye kituo kingine aje anikagulie, nami nimkagulie chake? Mliowahi kujaribu, mlifanyaje?