Oili ya trekta imekuwa nyeupe: mafundi wa Kusini, tupeane uzoefu

Jembe_Nachingwea: Wakuu, mvua za Desemba zikishika, trekta zilizolala tangu msimu uliopita zinaamshwa, na oili inakutwa kama chai ya maziwa. Nazungumzia mashine za zamani: Massey Ferguson (MF) 135 na 240, Ford 5000. Mnaanzia wapi?

FundiMasasi: Usiwashe. Iache usiku kucha, asubuhi legeza nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) kidogo kidogo bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia. Yakitoka maji matupu na nyuma yake oili nyeusi, yameingia injini imelala, mara nyingi ni mvua kupitia ekzosi ya kusimama. Oili yote ikiwa nyeupe, imekorogwa injini ikizunguka. Hapo angalia kama rejeta inapungua.

Mwananchi_Lindi: Naongezea kwa hiyo ya ekzosi. Maji mengine hubaki juu ya pistoni, nayo hayabanwi kama hewa. Ukipiga stata, konrodi (mkono wa pistoni) inapinda. Toa injekta (vipulizia dizeli) zote, zungusha injini kwa mkono, kisha stata fupi fupi maji yaruke nje. Kaa mbali na matundu. Na kopo la kufunika ekzosi halina gharama jamani!

FundiMasasi: Rejeta ikipungua, msikimbilie kununua gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha injini). Shusha sampu, rejeta ijae, tia presha kwa pampu ya mkono isiyozidi ile iliyoandikwa kwenye kifuniko chake, halafu lala chini uchungulie. Tone likianzia chini ya slivu (bomba linalovishwa ndani ya bloku, pistoni hucheza humo), nje yake, ni oringi (pete za mpira za kuzuia maji) zimechoka, lakini hiyo ni kwa injini zenye slivu zinazoguswa na maji. MF 135 yenye injini ya Perkins slivu zake ni kavu, hazina oringi. Huko shuku gasketi au ufa kwenye hedi. Ford 5000 haina slivu kabisa. Bloku ikitoboka vitundu kutokea upande wa maji, gasketi hata tatu hazisaidii, inachongwa na kuvishwa slivu.

Hedi ipimwe unyoofu kabla ya kurudi. Bolti zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu.

Mikindani_Spea: Maji ya visima vya pwani yana chumvi, yanakula bloku na hedi. Kinga maji ya mvua, changanya na kulanti (dawa ya rejeta).

Jembe_Nachingwea: Na kusafisha?

Mwananchi_Lindi: Tiba kwanza, kusafisha baadaye. Filta mpya na oili ya bei nafuu, injini iungurume polepole dakika 10 hadi 15, imwage ikiwa ya moto. Rudia mpaka weupe uishe, ndipo utie oili nzuri na filta nyingine. Ukiwa na shaka, dondosha tone kwenye kikaango cha moto: ikichachatika, maji bado yamo. Povu dogo chini ya kifuniko cha oili pekee, na rejeta haipungui, ni mvuke wa safari fupi. Ipe kazi nzito saa nzima kwanza.