Mtambo wangu wa bia gerejini unanipa sukari kidogo: nianze kubadilisha nini?

Mrombo Baridini ameandika:

Wakuu salaam. Naomba msaada, na mnivumilie maana maelezo ni marefu.

Mimi ni mtu wa Rombo, kwa sasa niko Minnesota, Marekani, mwaka wa sita huu. Kutengeneza bia nyumbani nilianza mwaka jana, na nilianza kama wanavyoanza wengi huku: unanunua kopo la kimea kilichokwisha kukamuliwa na kuchemshwa hadi kikawa kizito kama asali, unakimimina kwenye maji, unachemsha na hopsi (maua ya kutia uchungu), unapoza, unatia hamira. Bia ilitoka na ilinyweka. Ila moyo haukutulia. Bibi yangu alikuwa anaotesha ulezi mwenyewe, anauanika, anausaga, anapika mso (uji wa ulezi), ndipo anachanganya na ndizi zilizokwisha kuchacha. Mimi mjukuu wake nafungua kopo! Nikaamua kuanzia kwenye nafaka yenyewe.

Mtambo wenyewe ni huu. Sufuria la lita 40 na jiko la gesi la miguu mitatu. Deli la rangi ya chungwa la lita 38, lile ambalo wachezaji wa huku wanachotea maji pembeni ya uwanja. Nimeng'oa kile kibomba chake cha kubonyeza, nikafunga koki ya brasi. Ndani nimeweka msuko wa waya niliouvua kwenye mpira wa kupeleka maji sinki, ndiyo chujio langu. Koili ya shaba mita 15 ya kupozea, ndoo mbili za kuchachushia. Vyote havikufika dola 250, na vingine nimepewa na majirani waliokuwa wanahama.

Sasa tatizo. Jumamosi iliyopita nilitumia kimea cha shayiri kilo 5 na maji lita 15. Nilikuwa nalenga uji (huo mchanganyiko wa kimea na maji) utulie kwenye nyuzi 67 za selsiasi, kwa hiyo maji niliyapasha hadi 73 kama hesabu inavyosema. Nikachanganya, nikafunika saa nzima. Nikafungulia koki, nikasuuza machicha kwa lita 14 nyingine, nikachemsha saa moja na hopsi. Mwisho nikapata lita 21, haidromita (kipimo cha sukari iliyomo kwenye maji) ikasoma 1.038. Nilitegemea 1.052. Maji matupu ni 1.000, kwa hiyo mnaona nilivyopungukiwa. Hii itakuwa bia ya kunywesha watoto wa kipaimara.

Jambo la pili linatisha kidogo. Siku hiyo nje ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, nikafunga mlango wa gereji ili nisigande. Nikiwa katikati ya kuchemsha, king'ora cha kaboni monoksidi (hewa ya sumu inayotoka kwenye moto) kikaanza kulia ndani ya nyumba. Mke wangu akatokea na koti juu ya kanga: "Baba Neema, unataka tukuzike na hiyo bia yako?" Nikafungua mlango, nikamalizia nikiwa nimevaa glavu.

Nimetenga dola 600 za kuboresha. Nimeona watu wana pampu na masufuria matatu yamepangwa kama ngazi. Nimeona pia hita ya umeme ya wati 5,500, na soketi ya mashine ya kukaushia nguo ninayo karibu na mlango wa gereji. Au ninunue kinu changu cha kupaaza? Nianze na lipi?

Nawasilisha.

Nyundo ya Shaba:

Mkuu, hizo dola ziache mfukoni kwanza.

Tupige hesabu. Kilo moja ya kimea kizuri, ukiitoa sukari yote kwenye lita moja ya maji, ni pointi kama 300 (pointi moja ni kila 0.001 ya haidromita juu ya 1.000). Kilo 5 ni 1,500. Wewe umepata 38 mara lita 21, yaani 798. Karibu nusu ya mali umeitupa na machicha. Pampu haiwezi kukurudishia hiyo, itazungusha tu maji yaleyale mepesi.

Nijibu mawili: kimea alikipaaza nani? Na kabla ya kupika kilikuwa kimekaa wapi?

Mrombo Baridini:

Kupaaza walinipaazia dukani nilikonunua. Halafu mfuko ulikaa gerejini siku tatu, chini ya rafu, pamoja na deli. Niliona baridi itasaidia kisiharibike.

Nyundo ya Shaba:

Haya, tumeshamkamata mwizi mmoja, na mwenzake yuko karibu.

Hesabu yako ya nyuzi 73 inadhani kimea kina joto la chumbani, 20 hivi. Chako kilikuwa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, au zaidi. Kilo 5 za nafaka ya baridi namna hiyo kwenye lita 15 zinakushusha hadi 63 badala ya 67. Deli nalo lilikuwa barafu, likanywa joto lake. Nikikisia, wewe ulipika kwenye 61, na kila dakika likizidi kushuka. Ulipima baada ya kuchanganya?

Kwa nini ni shida: kwenye kimea kuna vimeng'enya viwili vinavyokata wanga kuwa sukari. Kimoja kinapenda 60 hadi 65, kinakupa bia nyepesi, kavu. Cha pili kinachangamka kwenye 68 hadi 72, kinaacha utamu na uzito mdomoni. Sisi tunalenga 66 au 67 ili vyote vifanye kazi. Ukiwa 61 vimeng'enya vipo hai, lakini wanga wenyewe haujalainika sawasawa, kwa hiyo kazi inakwenda kwa kujikongoja na saa moja haitoshi. Nenda duka la dawa ukanunue ayodini. Dondosha tone moja kwenye kijiko cha uji wako juu ya kisosi cheupe. Ikigeuka bluu nyeusi, wanga bado upo, usifungue koki.

Mwizi wa pili ni kule kupaaza. Maduka mengi huacha nafasi pana kwenye kinu ili wateja wasirudi kulalamika kwamba chujio limeziba. Mwaga konzi moja kwenye sahani. Ukiona punje nzima nzima, hizo hazikupi kitu. Zinatakiwa zivunjike ndani zitoe chenga, na ganda la nje libaki karibu zima, maana hayo maganda ndiyo chujio lako halisi. Ule msuko wa waya ni mlinzi wa mlangoni tu. Ukisaga unga wa ugali utaziba kila kitu ukeshe unakoroga. Nafasi ya milimita 0.9 hadi 1 kati ya magurudumu ya kinu inatosha.

Mtoto wa Mkuu:

Dola 600! Hiyo ni zaidi ya milioni moja huku nyumbani. Bibi yako alitumia pipa, ungo na mwiko, na watu walitoka pale wanaimba. Haidromita ya nini?

Halafu huko hawakukamati, kupika pombe ndani ya nyumba?

Mrombo Baridini:

Hawakamati mkuu. Rais Carter alisaini sheria mwaka 1978: mtu mzima mmoja galoni 100 kwa mwaka, nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, ambazo ni kama lita 757. Majimbo nayo yana sheria zake, Mississippi na Alabama wameruhusu mwaka 2013 tu. Mwiko ni kuuza.

Na kwa kasi yangu hii ya lita 21 za maji ya kunawia, sidhani kama nitafika huko.

Mama Kimea:

Mtoto wa Mkuu, usimsingizie bibi wa watu. Mimi nimelelewa na mbege, hiyo pombe yetu ya ndizi na ulezi, kule Marangu, ada yangu ya shule ilitoka kwenye kata za kunywea. Mama hakuwa na haidromita, lakini kupima alikuwa anapima kuliko sisi. Kimea cha ulezi alikuwa anakitafuna punje tatu nne kabla ya kukipeleka mashineni. Kikiwa hakijapata utamu, anakirudisha, hata kama wateja wameshaagiza. Na mso ukiiva hauachwi upigwe na upepo. Chungu kilikuwa kinakaa karibu na mafiga, kimefunikwa gunia juu ya majani ya mgomba. Ukifunua bila ruhusa unachapwa mwiko.

Kaka Mrombo, wifi yangu ana haki ya kukasirika, ila kwenye hili la joto dawa ni rahisi. Kimea kilale ndani ya nyumba usiku kucha. Deli lipashe kwanza kwa maji ya moto kabisa lita nne au tano, lifunike dakika 15, umwage, ndipo uanze. Ukishachanganya, lifunge blanketi zito. Na ukoroge hadi chini kabisa. Mabonge ya unga mkavu katikati ya uji ni sukari iliyofungiwa.

Fundi Waya:

Nimesoma hii ya kuunguza gesi ndani ya gereji iliyofungwa, nimeshtuka. Ndugu yangu, hilo ni lilelile la watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Kaboni monoksidi haina harufu, unasikia kichwa kizito na usingizi, basi. King'ora kimekuokoa. Jiko la gesi ni la nje tu, si gerejini hata mlango ukiwa wazi.

Hita ya umeme ni wazo zuri, ila si kama kuchomeka birika. Mimi ni fundi wa umeme, nimefunga mbili za namna hiyo.

Soketi ya mashine ya kukaushia nguo huwa ni ya volti 240 na ampea 30. Wati 5,500 gawa kwa 240 unapata ampea 23, inabeba. Lakini hiyo 240 ya Marekani inapatikana kwa nyaya mbili zote zenye moto, 120 na 120, si kama nyumbani ambako waya mmoja una moto na mwingine ni wa kurudishia. Kwa hiyo lazima upate breka inayokata umeme ukivuja kidogo tu, na sufuria lenyewe liungwe kwenye waya wa ethi. Unashika chuma kilicholowa, umesimama kwenye sakafu ya zege iliyolowa. Hapo hakuna "nitaweka baadaye". Na nyumba ikiwa ya kupanga, mwenye nyumba ajue.

Hita nunua ile ndefu iliyokunjwakunjwa, inayotandaza moto wake. Fupi inaunguza sukari chini, bia inanuka masizi. Usiiwashe kabla maji hayajaifunika, itakufa kwa sekunde chache.

Faida yake utaiona: lita 27 kutoka nyuzi 65 hadi kuchemka ni kama robo saa. Soketi ya kawaida ya huko, volti 120 ampea 15, mwisho wake wati 1,800, ungekaa zaidi ya nusu saa na pengine isichemke vizuri kwenye baridi hiyo. Huku nyumbani soketi ya ukutani ya ampea 13 inakupa karibu wati 3,000 bila kubadilisha chochote. Kwenye hili tumewazidi.

Jambo ambalo watu husahau ni mvuke. Kuchemsha saa moja kunakutoa lita tatu au nne za maji. Ukifunga mlango zinakwenda darini kwako, zinaganda, halafu siku ya jua zinakunyeshea. Tafuta feni ya kutoa nje.

Mrombo Baridini:

Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili, na nina mrejesho.

Kwanza konzi kwenye sahani. Nilihesabu punje 100 za kimea kilichobaki kwenye mfuko ule, 31 zilikuwa nzima kabisa, unaweza kuzipanda. Nikaenda dukani nikawaomba kwa upole wanipaazie mara mbili. Kijana akaniambia chujio litaziba. Nikamwambia liache lizibe.

Kimea kililala chumba cha kufulia. Deli nikalipasha kama alivyosema Mama Kimea. Kilo 5 zilezile, lita 15 zilezile, nyuzi 73 zilezile. Nikachanganya, nikakoroga hadi mkono ukauma, kipimajoto kikasimama kwenye 66 na nusu. Nikalifunga blanketi. Dakika ya 60 ilikuwa bado 65. Tone la ayodini likabaki na rangi yake ya kahawia, nikamwita mke wangu aje aone, akasema ni vizuri, akarudi ndani.

Koki niliifungua kidogo sana mwanzoni, jagi mbili za kwanza zenye uchafu nikazirudisha juu taratibu, baada ya hapo ikawa inatoka safi kama chai ya rangi. Haikuziba. Kuchemsha nimechemshia nje kwenye theluji na ubao wa kukinga upepo. Lita 21, haidromita 1.050. Nyundo, kwa hesabu yako hiyo ni asilimia 70.

Hita nimeiagiza, ila fundi wa breka atakuja mwezi ujao, sigusi kitu hadi aje. Pampu nimeachana nayo.

Hasara haikukosa. Kwa furaha ile nilisahau machicha ndani ya deli usiku mzima, gerejini. Asubuhi yalikuwa tofali moja, nimeyatoa kwa nyundo. Jirani anayefuga kuku ameyachukua hivyohivyo. Koki maji yaliganda ndani yake, imepasuka ubavuni. Kwa hiyo katika zile dola 600, za kwanza kutumika ni 14 za koki mpya.

Mama Kimea:

Hongera sana kaka. Blanketi ulitumia lipi?

Mrombo Baridini:

Dada, hapo ndipo penye kesi. Ni la sufu, la zawadi, alituletea mama mkwe. Uji ulimwagika kidogo wakati wa kukoroga. Mama mwenyewe anakuja mwezi wa nne. Kuna anayejua namna ya kutoa harufu ya kimea kwenye sufu?